Simba Juu ya Wimbi

Mtu aliyetaka kujua sinema ya Jumamosi ingekuwa na nini ndani yake hakwenda kumuuliza Ndung'u, mwenye ukumbi. Alikwenda kusimama mbele ya ukuta. Ukumbi wenyewe ulikuwa ghala kuukuu la mkaa lililoachwa upande wa Bahati, si mbali na Jogoo Road, na ukuta wake wa mbele ulitazama njia waliyopita watu wakirudi kutoka viwandani. Juu ya ukuta huo Bedan Ngigi alichora kwa rangi ya mafuta yale yaliyokuwa yakija: farasi, mtu mwenye bastola, garimoshi likiingia pangoni. Watu walisimama wakahesabu kwa vidole kila kilichochorwa, kisha Jumamosi wakaingia ndani na hesabu yao kichwani. Sheria ya mtaa ilikuwa moja: kilichoko nje lazima kiwe ndani.

Sheria hiyo ilikuwa na chanzo chake. Kabla ya Bedan, Ndung'u alikuwa na mchoraji mwingine, kijana mwenye mkono mwepesi na ulimi mwepesi zaidi, ambaye mara moja alichora nyoka mwenye vichwa viwili. Watu walikaa gizani wakimngoja nyoka yule mpaka taa zikawashwa. Hakutokea hata mkia wake. Mabenchi yalivunjwa, na Jumamosi iliyofuata watu waliingia bila kulipa, kwa nguvu ya haki yao. Ndung'u alimfukuza kijana yule akamchukua Bedan, ambaye wakati huo alikuwa akiandika majina ya maduka na hakuna aliyemjua.

Bedan alikuwa amezaliwa Kangema, akaja Nairobi baada ya uhuru, akajifunza kazi River Road kwa fundi mmoja Mkamba aliyeitwa Maingi. Mzee Maingi hakuwa mwalimu wa maneno mengi. Alimtuma nje akatazame kitu, birika au kuku au gurudumu la mkokoteni, akirudi ndipo alipompa brashi. Aliyechora kabla ya kutazama alipigwa mgongoni kwa kipini cha brashi ile ile. Ndivyo Bedan alivyokua, na alipopewa ukuta wa Ndung'u aliweka sharti lake: kila mikanda ikifika, iwekwe kwenye mashine, milango ifungwe, yeye aitazame peke yake kwanza. Alichokiona ndicho alichokichora. Ndung'u alicheka, lakini alikubali, na kwa miaka mingi hakujutia. Mtaani watu walifika mahali pa kusema, "Bedan amechora," na ubishi ukaisha.

Ukuta ule ndio uliomlisha. Maduka yaliandikwa mara moja yakakaa miaka, lakini sinema ilibadilika kila wiki. Kwa kazi hiyo alilipa nyumba, na kwa kazi hiyo binti yake Wacera alikuwa akisoma. Mkewe, Jecinta, alishona sare za shule kwa cherehani dirishani, ila Desemba hakuna anayenunua sare.

Ilikuwa Desemba basi, shule zimefungwa, watoto wamejaa vibarazani, Ndung'u alipokuja na karatasi iliyokunjwa mfukoni. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyepata zabuni.

"Bedan, nimepata kitu. Katuni. Wanyama wanashindana kupanda mawimbi ya bahari. Wamesimama juu ya mbao, hivi." Akanyoosha mikono kama mtu anayevuka daraja la mti mmoja. "Watoto watakuja kama siafu. Nataka ukuta uwe tayari Alhamisi."

"Mikanda iko wapi?"

"Nakuru. Inaonyeshwa huko. Itafika Jumamosi asubuhi kwa basi."

"Nitachoraje basi?"

Ndung'u akakunjua ile karatasi. Ilikuwa na picha moja tu, ndogo kama stempu: bata bukini amesimama juu ya ubao, mabawa wazi, mdomo wazi. "Huyu hapa. Halafu wale wengine unawajua, si ni wanyama? Weka simba mbele, mkubwa, ndiye anayeshinda."

"Umemwona?"

"Atiriri, Bedan! Filamu ya wanyama isiyo na simba ni harusi isiyo na bibi harusi. Wanyama washindane, simba akae nyumbani?"

Jibu la haki lilikuwa moja, nalo lilikuwa mdomoni mwa Bedan: sijaona, sichori. Lakini maneno ya Ndung'u yalikuwa na sura ya akili. Alipofika nyumbani alimuuliza Jecinta, naye bila kuinua macho kwenye cherehani aliyokuwa akiitia mafuta alisema, "Sasa kama si simba atakuwa nani, Baba Wacera? Panya?" Na kosa linaloingia kwa mlango wa akili ya kawaida ni gumu kulizuia, maana kila mtu amelishikia mlango.

Kilichomsumbua zaidi usiku ule kilikuwa wimbi. Hakuwahi kuiona bahari. Alikuwa amechora mito, tena mingi, lakini alijua wimbi si mto. Kesho yake alikwenda Kariokor kwa Salad, rafiki yake muuza ngozi, aliyekulia Kismayu, pwani ya Somalia.

"Wimbi likoje?" Bedan aliuliza baada ya salamu.

"Warya, swali gani hilo asubuhi? Wimbi ni maji yanayoinuka."

"Yanainukaje? Kama mlima?"

"Mlima unakaa. Wimbi linakimbia." Salad alifikiri, kisha akashika ngozi pana ya mbuzi iliyolainishwa, akaishika kwa pembe mbili na kuikung'uta mara moja. Mkunjo mmoja ukainuka kwenye vidole vyake, ukakimbia juu ya ngozi yote, ukapinda kichwa na kufa mwishoni. "Umeona?"

"Rudia."

Salad akarudia. Bedan akasema tena, naye akarudia tena, mpaka wateja wakaanza kusimama wakidhani ngozi zinapigwa mnada.

"Na mtu anaweza kusimama juu yake?"

"Mimi niliogelea nikiwa mdogo, na sikuwahi kuona mtu mwenye akili akijaribu. Lakini mnyama? Mnyama wa katuni anaweza lolote. Nani anashinda?"

"Ndung'u anasema simba."

"Wallahi, nani mwingine?" alisema Salad.

Bedan akachora. Aligawa ukuta kwa makaa, akaweka rangi ya chini, akaleta wimbi lililoinuka kutoka kona ya kushoto na kupinda kichwa juu ya mlango, kijani penye kina na jeupe kileleni. Juu yake aliweka simba. Sijui kama aliwahi kuchora kitu kizuri zaidi. Miguu ya nyuma ilikuwa imekunjwa kidogo, mkia umenyooka kushika mizani, na manyoya ya shingo yamelazwa na upepo wa mbio. Bata bukini alikuwa nyuma, mdogo, akihangaika. Watu wa viwandani waliposhuka jioni walisimama wakazuia njia. Khavere, mama wa Kimaragoli aliyeuza njugu mlangoni pa ukumbi, aliinua mikono.

"Mayi! Fundi, huyu simba atanimwagia maji."

"Sogeza njugu zako, mama," mtu alimtania.

"Sisogezi. Bedan amechora, basi yuko ndani. Jumamosi nitaingia mimi mwenyewe, hata njugu ziibiwe."

Habari ilitembea. Ilifika Kaloleni, ilifika Makadara, ikavuka mpaka Mukuru. Watoto walikuja kumtazama simba, wakarudi na wadogo zao. Bedan alisikia furaha na chini ya furaha akasikia kitu kidogo kama kokoto ndani ya kiatu. Hakuitoa.

Jumamosi asubuhi mikanda ilifika. Ndung'u mwenyewe aliiweka kwenye mashine, akafunga milango, wakaketi wawili tu katika ghala lile kubwa.

Katuni ilikuwa ya kuchekesha, sitaidhulumu. Palikuwa na yule bata bukini aliyeogopa maji. Palikuwa na mbuzi aliyekuwa akiula ubao wake kidogo kidogo kabla ya zamu yake kufika, na nungunungu ambaye hakuna aliyetaka kushindana karibu naye. Palikuwa na mbwa mkubwa wa manyoya marefu, masikio yakining'inia mpaka kidevuni, bingwa wa mwaka uliopita, mwenye maringo. Alipanda wimbi vizuri kuliko wote, kisha katikati ya sifa akajikung'uta maji kama mbwa yeyote, akaanguka. Aliyeshinda alikuwa nguruwe jike aliyelala usingizi juu ya ubao wake toka mwanzo mpaka mwisho, asijue hata kama kuna mashindano.

Ndung'u alicheka mpaka akakohoa. Bedan hakucheka. Alikuwa akingoja.

"Labda anakuja mwishoni," Ndung'u alisema.

Mwisho ulikuja. Maandishi yakapanda, mkanda ukaisha ukapigapiga kwenye gurudumu lake. Ndung'u akazima mashine. Nje zilisikika sauti za watoto, maana foleni ilikuwa imeshaanza.

"Hayumo," Bedan alisema.

"Hayumo," Ndung'u alikubali. Akasimama na kupangusa suruali. "Haidhuru. Umeona vile inachekesha? Watacheka watamsahau."

"Nataka kumfuta."

"Unataka nini?"

"Kuna saa chache kabla ya kufungua. Rangi ninayo."

Ndung'u alimtazama kama anavyotazamwa mgonjwa. Hakuwa mtu mbaya, na naomba msomaji asimfanye mbaya. Alikuwa amempa Bedan ukuta wakati hakuna aliyempa hata mlango wa choo. Lakini siku hiyo alikuwa na ukumbi mtupu na foleni nje, na kati ya vitu hivyo viwili mtu wa biashara haoni kitu cha tatu.

"Bedan wa Ngigi, nisikilize vizuri. Wale nje wamekuja kwa ajili ya simba. Ukimfuta, nusu wataondoka. Hii ndiyo siku yangu ya mwaka. Ni watoto tu! Nani atavunja benchi kwa sababu ya katuni?"

"Si mambo ya benchi."

"Ni mambo ya nini?"

Bedan alitafuta maneno. Hakuwa mhubiri. "Alhamisi tulikosea," alisema hatimaye. "Hatukujua. Sasa tunajua. Tukimwacha pale saa hii, si kosa tena. Ni uongo, na mkono ni wangu."

"Ukuta ni wangu."

"Ukuta ni wako. Simba ni wangu."

"Basi mguse," Ndung'u alisema polepole, "halafu utafute ukuta mwingine. Nimesema."

Nimesikia watu wakisema kwamba jambo kama hili ni dogo, rangi juu ya saruji, na mwenye busara angenyamaza. Mimi sijapata kuona uongo mkubwa uliozaliwa mkubwa. Wote huanza ukiwa mdogo, wa kubebwa mgongoni. Lakini Bedan hakuwaza hivyo. Aliwaza ada ya Wacera. Alisimama uani nyuma ya ukumbi, pale alipoweka makopo yake, akamwaza Jecinta na cherehani isiyokuwa na kazi mpaka Januari, na alikaa hapo muda mrefu kuliko alivyokiri baadaye. Alijua hakuna mtu ambaye angemlaumu. Wangesema Ndung'u ametudanganya, au wangecheka tu na kwenda zao. Labda ni hilo lililomwinua: kwamba mbali na Ndung'u, yeye peke yake ndiye angejua kuwa simba aliachwa kwa kujua.

Akabeba ngazi, akaiweka ukutani.

Foleni ilikuwa imezunguka kona. Walipomwona akipanda walishangilia, wakidhani anakuja kumwongezea simba meno. Alichanganya kahawia na nyeupe, akaanza na masikio. Yale masikio mafupi ya mviringo aliyavuta chini, marefu, mpaka kidevuni.

"Fundi!" Khavere aliita kutoka kwenye njugu zake. "Unafanya nini huko juu? Unamvalisha kitambaa?"

"Anamnyoa!" kijana mmoja alipiga kelele. "Oneni, anamnyoa simba!"

"Mpeleke Kariokor akanyolewe vizuri!"

Vicheko vilipita foleni nzima. Bedan aliendelea. Manyoya ya shingo aliyasambaza mwili mzima, akayalowesha kwa mistari mirefu. Pua akaifanya nyeusi na pana. Mkia uliokuwa umenyooka kwa fahari akaupa manyoya. Vicheko vikapungua kidogo kidogo, kadiri watu walivyoelewa, na mwishowe vikakoma. Ndung'u alitoka mlangoni. Hangeweza kumvuta mtu ngazini mbele ya umati. Alisogea chini ya ngazi tu, akasema kwa sauti ya chini, kwa Kikuyu, kwamba makopo yake yasiwepo uani ifikapo Jumatatu. Bedan akajibu kwamba amesikia.

Kisha akageuka, brashi ingali mkononi, ngazi ikitikisika.

"Simba hayumo," aliwaambia watu. "Nimeiona asubuhi hii. Nilichora kabla ya kuona. Kuna mbwa."

"Mbwa!" Khavere alisema. "Mbwa tunao hapa mtaani, wengi na bure!"

"Huyu anapanda mawimbi, mama."

"Anashinda?"

"Anaanguka. Alikuwa na maringo."

Khavere akafikiri. "Kwa maringo?" Akafunga kitambaa cha njugu zake. "Haya. Huyo nitamwona akianguka."

Baadhi yao walicheka, wakabaki. Lakini si wote. Foleni ilianza kuvunjika mwishoni mwake, watu wawili wawili, wakienda bila kelele. Palikuwa na baba mmoja aliyeitwa Simiyu, kibarua wa kiwandani, aliyekuja kwa miguu kutoka Mukuru kwa Njenga na watoto wake watatu wamevaa nguo za kanisani. Mdogo wao alikuwa msichana aliyefungwa utepe kichwani. Alitazama ukuta, akatazama tena, halafu akaanza kulia, si kwa sauti kubwa, ila kwa ule mlio wa mtoto ambaye hatanyamaza kwa maneno.

"Alikuwa pale, baba. Jana alikuwa pale."

Simiyu alimbeba. Akamtazama Bedan juu ya ngazi, bila hasira. "Fundi," alisema, "sijui kama umetuokoa au umetuharibia siku. Nimemwahidi simba tangu Alhamisi."

"Nisamehe," Bedan alisema. "Ahadi ilikuwa yangu. Lakini katuni inachekesha. Ingieni."

"Yeye hataki kuchekeshwa. Anataka simba." Simiyu alisubiri kidogo, kana kwamba mchoraji angeweza bado kufanya jambo fulani. Bedan hakuwa na la kufanya. Alikuwa na mbwa ukutani na rangi mbichi mkononi. Baba na watoto wakaondoka kupitia njia ile ile waliyojia, na Bedan aliwatazama mpaka utepe ule haukuonekana tena. Kilio kile ndicho kitu alichomsimulia Jecinta jioni, kabla hata ya kumwambia kuhusu kazi. Haki haikumfanya asiumie, na mtu anayewaambia vijana kwamba haki haiumizi hajawahi kuijaribu.

Ukumbi ulijaa zaidi ya nusu. Bedan hakuingia. Alikaa uani akisafisha brashi zake kwa tapentaini, na kupitia ukuta alisikia katuni ikienda. Alitambua mahali mbuzi alipomaliza ubao wake. Alitambua kimya kabla ya mbwa, kisha kicheko kikubwa, na ndani ya kicheko hicho sauti ya Khavere, juu ya zote: "Ameanguka! Si fundi alisema? Ameanguka!"

Jecinta alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Alimwekea chakula. Alipomaliza kula, mkewe alisema, "Ndung'u atakuita."

"Hataniita."

"Basi amekosa yeye." Akasimama, akatoa vyombo, akasimama tena mlangoni. "Lakini ningependa ungekataa kuchora mpaka uione mikanda ile, Baba Wacera. Kazi tungekuwa nayo bado."

"Ni kweli," Bedan alisema, maana ilikuwa kweli. Kosa la Alhamisi lilikuwa lake, hata kama mji mzima ulilishikia mlango.

Ndung'u hakumwita. Anayengoja nimwambie kwamba ukumbi ule uliporomoka atangoja sana. Ulijaa Krismasi na ukajaa Pasaka, na mchoraji mpya alikuwa na mkono mzuri. Watu waliendelea kuhesabu kwa vidole. Mara nyingine hesabu ilitimia, mara nyingine haikutimia, wakazoea, na kuzoea huko ndiko ninakokuona mimi kama hasara kubwa kuliko mabenchi yaliyovunjwa zamani. Wacera alikosa muhula mmoja shuleni. Alirudi baadaye, baada ya mama yake kushona mpaka macho yakamwasha, na baba yake kuandika majina ya vinyozi, wauza mkaa na kanisa moja la mabati.

Siku ile ya Jumatatu, hata hivyo, hakuna aliyejua hayo. Bedan alikwenda uani kwa Ndung'u mapema, akapanga makopo yake ndani ya gunia, akafunga ngazi kwa kamba begani. Alipotoka alipita mbele ya ukuta. Mbwa alikuwa amekauka usiku. Wimbi lilikuwa limetoka vizuri. Bedan alisimama akalitazama kama mtu mwingine yeyote wa njia ile, kisha akashika barabara ya Kariokor, ambako Salad alikuwa amesikia habari ya duka la viatu ambalo bado halikuwa na jina mlangoni.